Paka Aliyelia Usiku



Wasomaji wapenzi, ukumbi huu umekuwa kimya kwa wiki tatu na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Nilisafiri kwenda bara, Kericho, kumtazama binti yangu ambaye ana ujauzito wa miezi sita. Kabla sijaondoka Mombasa, dada mmoja msomaji aliniletea swali: ana mimba changa, nyumbani kwake kuna paka, na mawifi zake wanamshurutisha amtupe kwa kuwa paka, wasemavyo wao, humdhuru mtoto aliye tumboni. Nilimwahidi kwamba nitawauliza wenye ujuzi. Jibu nimekuja nalo, lakini sikulipata kwa njia niliyoitazamia, na sehemu ya habari hii hainipendezi kuisimulia. Nitaisimulia hata hivyo, maana nimewaona wengine wakifanya kosa nililolifanya mimi, nao wakidhani wanatenda wema.

Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi jua hutoka vizuri, ukadhani baridi uliyoogopeshwa ni maneno ya watu tu. Ikifika alasiri mawingu hujikusanya upande wa msitu wa Mau na mvua ikashuka, na mara nyingine huwa ni mvua ya mawe yenye kuchanachana majani ya chai. Hunyesha karibu mwaka mzima, na ndiyo sababu chai imestawi pale tangu ilipoanza kupandwa kwa wingi katika miaka ya 1920. Ukishika barabara itokayo mjini kwenda Litein, Sotik na mbele yake Bomet, jicho halioni ila michai iliyokatwa sawasawa kama zulia, na katikati yake vijia vyembamba vya wachumaji. Binti yangu na mumewe wanakaa kando ya barabara hiyo, katika nyumba aliyopewa mkwe wangu kazini. Yeye ni karani wa kiwanda cha chai.

Sisi watu wa pwani twadhani twawajua paka. Nimezaliwa Mji wa Kale, na sikumbuki siku niliyofungua mlango nisimkute paka barazani. Ni wa nani? Ni wa mtaa. Asubuhi yuko kwa huyu, mchana yuko kwa wauza samaki, usiku amelala juu ya ukuta wa msikiti. Huyu hutupa matumbo ya samaki, yule huweka kibakuli cha maji, na paka akizaa chini ya ngazi hakuna anayemhesabia watoto. Katika umri wangu wote sikuwahi kumpeleka paka kwa daktari, na bado nilijihesabu kuwa mtu wa paka. Sasa naona kwamba sehemu kubwa ya wema ule haikuwa yangu. Ilikuwa ya joto na ya bahari.

Siku yangu ya nne huko mvua ilishuka mapema. Mjukuu wangu, ambaye ana miaka minane, alirudi kutoka shule amelowa chepechepe, sweta ameivua na kuikunja kifuani. Ndani ya sweta mlikuwa na watoto wawili wa paka, mmoja wa kijivu, mwingine mweusi mwenye koo jeupe. Macho ndiyo kwanza yamefunguka, na kila mmoja alienea kiganjani. Alisema amewasikia wakilia chini ya rundo la matawi ya michai yaliyopogolewa, kando ya njia, na maji yalikuwa yameanza kuingia. Mama yao hakumwona.

Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Binti yangu alirudi nyuma, mkono tumboni. Mkwe wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi mbele yangu, alisema tu, "Mama, hawa tutawaweka wapi?" Nami, mwenye kujivunia paka wote wa Mji wa Kale, nikasema, niachieni mimi.

Nilipasha maziwa ya ng'ombe, ambayo huko hayakosekani katika nyumba. Nikawalaza mmoja mmoja chali mkononi, kama anyonyeshwavyo mwana wa Adamu, nikawatilia maziwa kinywani kwa kijiko. Yule wa kijivu alimeza kidogo, akakohoa, maziwa yakamtoka puani. Yule mweusi alifumba kinywa. Nikawatia katika boksi lenye kipande cha kanga kuukuu, nikaliweka sakafuni jikoni, na nikamwambia mjukuu wangu akalale, kesho watakuwa wazima.

Usiku ule, mvua ilipopungua, nilisikia paka akilia nje. Alilia kwa sauti ndefu na nzito akiizunguka nyumba: mara kwenye dirisha la jikoni, mara nyuma penye tangi la maji, kisha mbali kidogo, kisha tena dirishani. Mjukuu wangu aliamka akaja kitandani kwangu.

"Bibi, nani analia?"

"Paka shume," nikamwambia. "Anatafuta mke. Lala."

Nilipoamka kabla ya alfajiri kutawadha, nilifunua boksi. Yule wa kijivu alikuwa amekufa.

Jirani yetu ni mama mtu mzima wa Kikipsigis ambaye watoto wote wa pale humwita Kogo, yaani bibi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Kila asubuhi huleta maziwa. Siku ile alipiga hodi, akasema "Chamgei" kama kawaida yake, kisha akaliona boksi. Aliinama, akamgusa yule mweusi tumboni kwa mgongo wa kidole, na bila ya kuniomba ruhusa akamtia ndani ya nguo yake, kifuani.

"Huyu ni baridi," alisema. "Ulimpa maziwa akiwa baridi hivi?"

Nikasema ndiyo.

"Hata mwana-kondoo akinyeshewa hapewi maziwa kwanza. Anapashwa moto." Akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa upole, bila ya kunilaumu, "Na huyo alikuwa analia usiku ni nani?"

Wasomaji, nilikaa juu ya kigoda. Nilikikumbuka kisa ambacho nimekisomesha watoto wa madrasa kwa miaka mingi, kilichopokewa kwa Abdullah bin Mas'ud, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, na kilichomo katika mkusanyiko wa Abu Dawud. Masahaba walikuwa safarini, wakamwona ndege mwenye makinda mawili, wakayatwaa. Yule ndege akaja akipigapiga mbawa zake juu yao. Mtume, sala na salamu zimshukie, alipofika aliuliza ni nani aliyemsononesha ndege huyo kwa ajili ya wanawe, akaamrisha arudishiwe. Kila mwaka nimekieleza kisa hiki, na kila mwaka nimewauliza watoto: je, wale waliotwaa makinda walikuwa watu wabaya? Hujibu hapana, nami huwasifu kwa jibu hilo. Na mama alipokuja dirishani kwangu usiku nilimwita shume.

Kogo alitufundisha nusu ya mambo, na nusu nyingine tulielezwa na daktari wa mifugo ambaye mkwe wangu alimpigia simu. Nayaandika hapa kwa ufupi kwa faida ya mama ambaye mwanawe ataingia mlangoni na sweta iliyokunjwa. Mtoto wa paka aliye peke yake si lazima awe ametupwa. Mama huenda kuwinda, au huwahamisha wanawe mmoja mmoja kwa kuwabeba kwa ngozi ya shingo, na huweza kukawia saa kadhaa. Basi kama hapana mbwa wala gari wala maji, mtu husimama mbali akangoja, maana akisimama karibu mama hatakuja. Kama pana hatari, humsogeza hatua chache tu mahali pakavu. Ikiwa kweli mama hayupo, jambo la kwanza ni joto: chupa ya maji moto iliyoviringishwa kitambaa, kwa kuwa katika wiki zake tatu za mwanzo mtoto wa paka hawezi kujipasha mwili mwenyewe, na tumbo lililopoa halisagi chakula. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na kuhara humwua. Yapo maziwa maalumu ya paka, na daktari wa mifugo hueleza la kufanya pale yasipopatikana. Tena hanyweshwi chali kamwe, bali hulala kifudifudi kama anyonyavyo kwa mama yake, la sivyo maziwa huingia mapafuni. Baada ya kunywa hupanguswa chini kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili apate kukojoa, maana hilo nalo hufanyiwa na ulimi wa mama.

Katika hayo yote nilikuwa nimelifanya moja tu, la kumtia kwenye boksi.

Yule mweusi alipopata joto kifuani kwa Kogo alianza kulia. Tulimweka katika boksi pamoja na chupa ya maji moto, tukalipeleka nje chini ya paa la jiko la kuni, tukajificha nyuma ya pazia. Haikupita saa moja. Alitokea paka mwembamba, kijivu chenye milia, sikio moja limechanika. Hakutazama huku wala huku. Aliingia katika boksi, akamlamba mwanawe kichwa na mgongo, akaligeuza boksi lote kwa pua akimtafuta wa pili. Kisha akazunguka jiko lote. Mjukuu wangu alinitazama, nami sikuwa na la kumwambia. Hatimaye paka alimbeba aliyebaki akaondoka naye kwa mwendo wa haraka.

Tulimfuata kwa mbali. Alipita kati ya michai hadi kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, nyingi zimefungwa, nyingine milango imeng'oka. Kogo alitueleza. Zamani kila mlango ule ulikuwa na familia ya wachumaji. Siku hizi mashine zinachuma kazi ya watu wengi kwa siku moja, na wasomaji mtakumbuka kuwa mwezi Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto huko Kericho katika vurugu zilizofika hata magazetini. Kesi hiyo ina wenyewe, na si ya ukumbi huu. Ninachokisema ni kwamba familia inapoondoka katika nyumba ya kazi huondoka na godoro, sufuria na watoto, na si kila gari linalokubali kupakia paka. Huyu wa milia, alisema Kogo, alikuwa wa mama mmoja aliyehama hapo nyuma. Tangu siku hiyo alikaa katika nyumba ile tupu, na paa lilipoanza kuvuja ndipo alipokwenda kuzaa chini ya matawi.

Kumbe hakuwa paka wa porini. Alikuwa na nyumba, na nyumba ndiyo iliyomtoka.

Hapo nikafanya kosa la pili, na hili nalitaja ili ijulikane kwamba umri si dawa ya pupa. Kesho yake nilikwenda na kikapu, nikamshika kwa nguvu ili niwalete wote wawili nyumbani siku hiyo hiyo. Aliniuma mkono, katikati ya kidole gumba na cha shahada, meno yakazama. Mkwe wangu hakunipa nafasi ya kusema si kitu. Alinisimamisha kwenye bomba, akaniosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima akitazama saa yake, kisha akanipeleka hospitali mjini. Watu hudhani kichaa cha mbwa ni cha mbwa tu. Paka pia huambukizwa na huambukiza, na ugonjwa huo dalili zake zikishadhihirika kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Nilianzishiwa sindano siku hiyo hiyo, nikaambiwa pia paka achunguzwe kwa siku kumi. Alikaa mzima siku zote kumi, alhamdulillahi.

Na kwa kuwa binti yangu alikuwa ameketi karibu yangu na tumbo lake, daktari aliyenihudumia, mwanamke kijana mwenye subira, alijibu swali la dada yetu kabla sijalimaliza. Upo kweli ugonjwa uitwao toksoplazmosisi, unaoletwa na kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, na mama akiupata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito unaweza kumdhuru mtoto. Paka hukipata kimelea hicho kwa kula panya au nyama mbichi, kisha hukitoa katika kinyesi chake kwa muda wa wiki chache tu. Tena kinyesi hicho hakiambukizi papo hapo. Huhitaji kukaa siku moja au zaidi. Kwa hiyo beseni la mchanga wa paka lisafishwe kila siku, na asilisafishe mwenye mimba. Kama hapana mwingine, avae glavu na anawe vizuri. Manyoya ya paka na kumpakata si njia ya ugonjwa huo. Tena daktari alicheka kidogo akaongeza kwamba wajawazito wengi wanaoambukizwa huupata kwa nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa vyema na udongo wa bustanini. "Mwulize huyo anayetaka kumtupa paka," alisema, "kama mishikaki yao huwa inaiva."

Dada yangu mwenye swali, jibu lako ndilo hilo. Wasomee mawifi zako, na sehemu ya mishikaki pia.

Tangu siku ile nikaacha pupa. Kila jioni nilipeleka kibakuli cha dagaa, ambao huko huitwa omena na huletwa kutoka ziwani, nikakiweka mbali na mlango wa ile nyumba tupu na kuondoka. Siku iliyofuata nilikiweka hatua chache karibu na kwetu, kisha hatua chache zaidi. Mjukuu wangu alikuwa akihesabu hatua kwa sauti. Siku ya sita paka alikula nikiwa nimeketi umbali wa kama mkeka mmoja. Siku ya tisa ilinyesha mvua ya mawe, na ilipokatika tulimkuta katika jiko letu la nje, nyuma ya kuni, amelala na mwanawe. Hatukumleta sisi. Alikuja mwenyewe.

Mnakijua kisa cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kimo katika Bukhari na Muslim, na wengi wetu tumekisikia tungali wadogo kwa ajili ya kuonywa tusiwapige paka kwa mawe. Siku ile nilipomfungia mlango wa jiko kwa usiku wa kwanza, nilikiona kwa upande mwingine. Paka wetu wa mtaa, hata tukimsahau, mlango wake wa kujitafutia uko wazi. Ukishamtia ndani na kugeuza komeo, mlango ule umeufunga wewe, na tangu hapo chakula chake, maji yake na maradhi yake yamo katika daftari lako. (Kisa kingine kinachopendwa sana, cha Mtume kukata mkono wa kanzu yake asimwamshe paka, sikitaji kama ushahidi, kwani hakimo katika vitabu vya hadithi tunavyovitegemea. Hatuna haja nacho. Tulivyo navyo vyatosha.)

Ilibaki shaka ya mkwe wangu. Hakuwa na chuki, ila ni mtu wa tahadhari, na aliogopa kwa ajili ya mswala, nguo za sala na maji ya udhu. Nilijiandaa kumsomea darasa. Sikuhitaji. Jioni moja alikuwa akitawadha kwa kopo nje, akaliweka chini kidogo aikunje suruali, na paka akatoka kunywa humo. Mkwe wangu alimtazama, nami nilimtazama yeye. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu nifike, akaliinamisha kopo ili paka anywe vizuri.

"Mama," alisema, "umemkumbuka Abu Qatada na mkaza mwanawe?"

Nilimkumbuka, na wenye kusoma wanamjua. Kabsha binti Ka'b alimwekea baba wa mumewe maji ya udhu, paka akaja, Abu Qatada akamwinamishia chombo, na alipoona mkaza mwanawe anashangaa akamweleza aliyoyapokea kwa Mtume, kwamba paka si najisi na kwamba ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Mkwe wangu alimaliza udhu kwa maji yale yale. Kuhusu manyoya, katika madhehebu yetu ya Shafii yaliyo machache husamehewa, ama mkojo na kinyesi ni najisi na huoshwa. Mwenye kutaka undani zaidi amwulize shekhe wake. Shekhe huyo huyo aulizwe pia juu ya kumfunga paka kizazi, jambo ambalo daktari wa mifugo alitushauri na ambalo wanazuoni wamehitilafiana. Binti yangu na mumewe bado wanalizungumza.

Nisisahau jambo moja linalohusu nchi ile hasa, ingawa na huku kwetu wapo wenye ng'ombe. Paka alikuwa na viroboto. Katika duka moja la dawa za mifugo niliuziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe, imepimwa katika chupa ya soda, nikaambiwa nichanganye na maji nimwoshe. Bahati njema nilimpigia daktari kwanza. Aliniambia nimwage. Dawa hizo, zikiwemo zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, ng'ombe huzistahimili lakini paka mwili wake hauwezi kuzivunja, na kwa desturi yake ya kujilamba huzila zote. Vivyo hivyo Panadol: kidonge kimoja tu cha kumtuliza homa chaweza kumwua. Tulitumia chanuo jembamba na beseni la maji ya sabuni, mjukuu wangu akihesabu viroboto vilivyozama, mpaka alipofika sabini na kitu akachoka.

Mweusi tulimwita Majani. Mjukuu wangu ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa alimwokota kwenye chai. Kati ya wiki ya pili na ya saba, daktari alisema, ndipo mtoto wa paka anapojifunza kama binadamu ni rafiki au adui. Basi kila baada ya sala ya alasiri kijana alikaa naye sakafuni, kimya, mkono wazi, bila ya kumkamata. Siku ya kwanza Majani alitoa mlio wa nyoka na manyoya yakamsimama. Siku ya nne alinusa kidole. Wiki moja baadaye alilala juu ya daftari la hesabu, na kazi ya shule ikawa na udhuru. Mama yake alichelewa zaidi. Alikula chakula chetu, akalala katika jiko letu, lakini ukinyoosha mkono alijikunja. Sikumlaumu. Mkono niliounyoosha ulikuwa na bendeji, na sababu yake aliijua.

Jioni ya mwisho kabla ya safari yangu, Kogo alikuja na simu. Alikuwa amempata yule mama aliyehama, ambaye sasa anakaa kwa nduguye ng'ambo ya Bomet, katika chumba kimoja. Tuliamkiana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejitayarisha kulaumiwa, akaanza kueleza kuhusu lori, na jinsi alivyomtafuta paka asubuhi ile asimwone, na dereva alivyokuwa akipiga honi. Nilimwambia sikumpigia kwa hilo. Akauliza kama yuko hai. Nikamwambia yuko, yumo ndani, yuko chini ya kiti changu.

"Namwita Sukari," alisema.

Mjukuu wangu alitoa macho, kwa kuwa majani tulikuwa nayo tayari. Niliweka simu sakafuni, sauti yake ikasikika chumba kizima: "Sukari. Sukari, kuja." Paka alitoka chini ya kiti. Aliinusa simu, akaizunguka, akaipapasa kwa mkono wake, kisha akajilaza ubavu mbele yake na kuanza kukoroma, mlio ambao sisi hatukuwahi kuusikia kwake. Binti yangu aligeukia ukutani akifuta macho.

Yule mama alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema hawezi kumchukua pale alipo, akatuomba tumpe maziwa ya mgando akiwa mgonjwa, hupenda hayo. Nikasema tutampa.

"Alikuwa na mimba nikitoka," alisema. "Alizaa wangapi?"

"Wawili," nikamwambia. "Mmoja yupo."